Ada ni ndogo, nauli ndiyo kubwa: maswali yenu kuhusu ufundi na kurudi darasani

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, maswali ya safu hii hubadilika sura. Wanaoandika zaidi si waliofeli wenyewe, ni mama zao, baba zao na mafundi wakubwa wenye vijana gereji. Nimechagua machache. Majina nimeyaacha, mitaa ya Dar es Salaam nimeibakiza.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu kapata ziro, sasa ni kijiweni kutwa. Baba yake anasema akarisiti, mimi nataka aende VETA. Je, wanapokea mwenye ziro? (Mama, Mbagala Rangi Tatu)

Marahaba, mama. VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi vya serikali, wanapokea. Kwa fani nyingi, ngazi ya kwanza ya ufundi stadi inamtaka mtu anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu. Wa darasa la saba anaingia, sembuse aliyefika kidato cha nne. Fuatilia tangazo la kujiunga kuanzia nusu ya pili ya mwaka, maana masomo huanza Januari.

Baba yake naye hajakosea. Akirisiti akapata hata D nne za masomo yasiyo ya dini, vyuo vya kati vinafunguka: astashahada, kisha stashahada. Ila muulizeni kijana mwenyewe kama ana hamu ya kushika tena yale madaftari. Kama hana, mtalipia mtihani na mwezi wa kumi na moja atakuwa palepale kijiweni. Na hicho kijiwe msikidharau haraka. Ulizia anashinda karibu na nani. Wapo vijana wanaojua kufungua injini ya bodaboda yote kwa kukaa tu jirani na fundi, na nyumbani hakuna anayejua. Hapo ndipo pa kuchagulia fani.

Sasa hesabu, maana wazazi huniuliza ada tu. Kozi ndefu kwenye vyuo vya VETA vyenyewe imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni. Lakini kijana akipanda daladala mbili kwenda chuo cha VETA Chang'ombe na mbili kurudi, kwa nauli ya 600 kila moja, ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 22 za masomo inakuwa 52,800. Yaani nauli ya mwezi mmoja inakaribia ada ya mwaka mzima, na bado hujanunua ovaroli, viatu vya karakana wala chakula cha mchana. Vijana wengi niliowaona wakiacha hawakushindwa na masomo, walishindwa na basi. Wanaanza kwa kuchelewa, kisha wanakosa Jumatatu, kisha hawaonekani tena. Kwa hiyo kabla ya fomu, wewe na baba yake wekeni kando nauli ya miezi mitatu ya kwanza. Kama mna ndugu Keko au Temeke mwenye pa kumlaza, kamuombeni sasa, msingoje Januari.

Mwalimu, nina miaka tisa kwenye useremala hapa Keko. Kiwanda kimoja kilinijaribu, msimamizi akaridhika, lakini ofisini wakataka cheti. Nirudi nikakae darasa moja na watoto? (Fundi, Keko)

Huna haja. Uliza VETA kuhusu urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unapimwa unachokijua, ukionekana una mapengo unafundishwa hayo tu, kisha unapata cheti kinachotambulika. Nenda na picha za kazi zako na barua ya mtu uliyemfanyia kazi.

Ila jiandae. Miaka tisa haitakujibia. Mtathmini atakupa mbao na mchoro, halafu atasimama pembeni kimya akuangalie unavyopima kabla ya kukata, unavyokaza kiungo, na kama unavaa miwani kabla ya kuwasha mashine. Mafundi wazoefu wa Keko mara nyingi wanakwama kwenye mchoro. Mikono inajua, lakini mteja wao siku zote huja na picha kwenye simu na kusema "nataka kabati kama hili", kwa hiyo vipimo vya milimita kwenye karatasi hawajawahi kuvishika. Tafuta kijana aliyetoka chuo, mpe soda, akufundishe kusoma mchoro kwa jioni kadhaa. Usione aibu.

Na ujiulize kama unakihitaji. Ukibaki Keko na wateja wako, hakuna atakayekuuliza cheti. Kwa kiwanda ni lazima. Kwa fundi umeme ni lazima zaidi: mwenye nyumba akitaka kuunganishiwa umeme na TANESCO, wayaringi inatakiwa iwe ya mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni hiyo haiombwi kwa mdomo. Ndiyo maana mafundi umeme wengi wazuri wa mitaani wanafanya kazi yote, halafu wanamlipa mwingine aweke muhuri.

Nilipata mimba nikiwa kidato cha pili. Nina miaka 19, mtoto amefikisha miwili. Nyumbani wanasema shule imeshanipita, nikajifunze kushona. Nifanyeje? (Binti, Tandale)

Shule haijakupita, mwanangu. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaweza kurudi, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukaweka utaratibu. Lakini kwa umri wako na mtoto mgongoni, mimi ningekuelekeza Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, mjini, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kule sekondari inasomwa kwa hatua mbili: ya kwanza ni kidato cha kwanza na cha pili, ya pili ni cha tatu na cha nne, kila hatua mwaka mmoja. Ukifika ulizia vituo vilivyo karibu na kwenu, si lazima uende mjini kila siku. Mtihani wa mwisho ni uleule wa Baraza la Mitihani.

Swali gumu zaidi ni nani atabaki na mtoto saa za masomo. Lijibu kabla hujajiandikisha, na umtaje mtu kwa jina. "Watu wa nyumbani watasaidia" si jibu.

Kushona ni kazi nzuri ukiipenda. Ninachokataa ni kupangiwa. Msichana aliyezaa anapelekwa cherehani, mvulana aliyefeli anapelekwa bodaboda, sijui kikao gani kilipitisha hilo. Umeme, uchomeleaji na ufundi bomba wasichana wanasoma. Ukitaka fani badala ya kidato cha nne, kayaone madarasa hayo pia kabla hujaamua.

Chuo kimoja kinatangaza miezi mitatu na ajira ya uhakika, laki nne na nusu. Nilipe? (Kijana, Tabata)

Usilipe bado. Waombe namba ya usajili, uihakiki NACTVET, baraza la serikali linalosajili vyuo vya ufundi. Kisha nenda saa nne asubuhi siku ya kazi bila taarifa, uangalie wanafunzi wangapi wanagombania mashine moja. Neno "ajira ya uhakika" liandikwe kwenye mkataba wenye jina la mwajiri. Wakikataa, umeshajibiwa.

Nimeishia darasa la saba, nina miaka 26, naendesha bodaboda. Naweza kupata cheti cha kidato cha nne? (Gongo la Mboto)

Unaweza. Unaanza na mtihani wa maarifa, ule watu wanaouita QT. Ukifaulu unajisajili kufanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yote miwili hufanyika mwishoni mwa mwaka lakini usajili ni mwanzoni, na hapo ndipo wengi wanaukosa mwaka mzima. Soma na wenzako. Kiingereza na hisabati ukizisoma peke yako juu ya pikipiki hazikai.

Nimpeleke kijana JKT ili apate ajira? (Baba, Kimara)

Mpeleke akipenda mwenyewe, ajifunze nidhamu na kazi za mikono. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) wenyewe husema kila mara kwamba kujitolea si ahadi ya ajira. Nafasi haziuzwi: anayekuambia ana "mtu ndani" na anataka laki tatu, mkwepe.

Nina gereji Buguruni. Kina mama wananiletea watoto, wengine wa miaka 13, niwafundishe. Nawaonea huruma, nafanyaje? (Fundi mkuu)

Huyo wa 13 usimchukue. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na hata wa 16 hutakiwi kumweka kwenye kazi ya hatari. Kulala chini ya gari lililonyanyuliwa kwa jeki ni hatari, hata kama wewe ulianza hivyo. Mwambie mama amuone mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu au afisa elimu wa kata, aulizie MEMKWA, mpango wa watoto walioikosa elimu ya msingi. Wanapokelewa hata wakiwa wakubwa kuliko wenzao.

Waliofikisha 18 wachukue, lakini kwa maandishi. Sema atakaa muda gani, ataanza na nini, lini ataruhusiwa kushusha injini peke yake, na utampa nini kwa siku. "Nitakulipa ukishajua" ndiyo inayozaa vijana wanaokaa gereji miaka minne wakiosha spea na kufuata chai tu. Karatasi moja ya daftari inatosha. Muweke saini wewe, kijana na mzazi mbele ya mjumbe, nakala mbili, moja aondoke nayo mama.