Salobreña, mji wa mashamba na bahari: maswali yenu

Wengi mmeuliza kuhusu Salobreña, mji mdogo wa wakulima katika pwani ya mkoa wa Granada, kusini mwa Hispania. Majibu ni haya.

Treni inafika?

Haifiki. Panda basi Granada, kilomita 65 hivi, au Málaga, kama 90, ila basi la pwani husimamasimama njiani. Ukishuka uko bondeni, na mji wa kale uko juu ya mwamba. Vichochoro ni vya mwinuko na ngazi, kwa hiyo begi la magurudumu litakutesa. Beba la mgongoni.

Twende mwezi gani?

Oktoba au Novemba. Agosti Wahispania wenyewe hujazana ufukweni na vyumba hupanda bei. Isitoshe, msimu wa chirimoya huanza vuli.

Hiyo chirimoya ni nini, na naichaguaje?

Ni ndugu wa topetope, asili yake milima ya Andes. Ua lake hufunguka kwanza likiwa jike, kisha hugeuka dume, na wadudu wa kulichavusha huko ni haba. Basi mkulima hukusanya chavua na kuipaka kwa brashi ndogo, ua kwa ua. Ukijua hilo, bei haitakushangaza.

Kama utaila baada ya siku kadhaa, nunua ngumu uiache mezani. Usiitie kwenye friji kabla haijaiva: baridi huifanya nyeusi na ladha haiji. Ikibonyea kidogo kwa kidole, ipasue ule kwa kijiko. Mbegu tema, usizitafune, zina sumu.

Mashamba ya miwa bado yapo?

Miwa ililimwa hapo tangu enzi za utawala wa Waislamu. Kiwanda cha mwisho cha sukari kilifungwa 2006, na bonde sasa ni la parachichi, chirimoya na embe.

Sisi hatuli nguruwe. Tutakula nini?

Samaki wapo tele. Jihadharini na baa: katika mkoa huu ukiagiza kinywaji, kwa kawaida huletewa kitafunio cha bure, na mara nyingi kina nguruwe. Sema mapema "sin cerdo, sin jamón", yaani bila nguruwe, bila jamón (paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi). Taja yote mawili, maana jamón hunyunyizwa hata kwenye mboga. Chakula cha mchana huanza saa nane. Cha usiku, saa tatu. Ukija saa kumi na mbili jioni utakuta jiko limefungwa.

Na ufukwe?

Una kokoto na mchanga wa kijivu. Chukua kandambili.