Mama Alipoishika Sahani Yangu

Juma lililopita msomaji mmoja aliniuliza amwelezeje mama yake kwamba hutapika kwa makusudi kila baada ya kula, na kwamba hawezi tena kujizuia. Nimeshamjibu faraghani, lakini najua hayuko peke yake.

Mimi nilijinyima chakula. Kwetu Tanga hakuna aliyeshtuka, kwa sababu nilianza kwa kufunga Jumatatu na Alhamisi, na nani angemkataza binti sunna? Nilipofikia kufunga karibu kila siku, wageni walinisifu kwa dini na kwa umbo. Hedhi ilipokatika, nywele zikanyonyoka nami nikawa natetemeka kwa baridi jua la mchana likiwaka, ndipo yakaanza maneno ya vidonda vya tumbo, ya jini, hata ya Ukimwi. Ndugu mmoja wa karibu alitamka mbele ya watu kwamba njaa ya kujitakia haina dawa, na kauli hiyo inaniuma hadi leo.

Ndugu zangu, njaa yenyewe huivuruga akili. Mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 wenye afya njema walikubali kupunguziwa chakula kwa ajili ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na wengi wao wakawa wanawaza chakula mchana kutwa, wakajitenga na kuzama katika huzuni. Sasa mgonjwa wa anoreksia, ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula, ataambiwaje kwamba anaringa?

Daktari alimweleza mama njia iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, ambamo wazazi wa kijana mgonjwa huushika wao usimamizi wa chakula mpaka mtoto apate nguvu za kujisimamia. Mama aliishika sahani yangu. Alipakua yeye, akakaa, wala hakubishana nami juu ya unene. Nililia, nikamtolea maneno mabaya, naye alijibu tu, “Mwanangu, uji huu ndio dawa yako.” Mwezi wa Ramadhani, baada ya shekhe kutukumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula, mama alinipikia mchana na kukaa mbele yangu hali yeye mwenyewe amefunga. Kaka naye alinishika kwa habari za timu ya Coastal Union kila nilipomaliza kula, saa ambazo hofu ilinizidi. Najivunia watu hawa kuliko cheti chochote nilichonacho.

Basi wazazi, acheni kuipima miili ya binti zenu kwa macho na kuitangaza sebuleni. Msimshindilie chakula aliyekaa na njaa muda mrefu kabla hajapimwa, kwa maana chumvi za damu, hasa fosfeti, zaweza kushuka ghafla na moyo ukashindwa. Kaeni naye mezani, na mkae tena kesho.

Nawe mdogo wangu unayetapika, mwambie mama leo kwamba unaumwa, kisha mwende pamoja hospitali mkaombe kipimo cha madini ya potasiamu katika damu, kwani kutapika huipunguza na mapigo ya moyo huharibika hata kwa mtu ambaye hajakonda.