Siku za familia pwani: tafuta saa za maji kabla ya kulipia chochote

Mleta mada, umesema una siku nne pwani, mtoto wa miaka minne, mwingine wa tisa, na mama yako ambaye magoti yanamsumbua. Umeorodhesha vivutio tisa na kuuliza kipi kitangulie. Ushauri wangu ni huu: hiyo orodha iweke pembeni kwanza, utafute jedwali la maji, yaani saa za bahari kujaa na kupwa, la eneo unalokwenda. Nimezunguka pwani na wanangu tangu wakiwa wa kubebwa, na siku zetu zilizonoga ni zile tulizoyafuata maji.

Sehemu nyingi bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya saa 24 na dakika 50 hivi, kwa hiyo kila siku saa za maji zinasogea mbele kwa karibu dakika 50. Maji yakikupwa saa tatu asubuhi siku ya kwanza, siku ya nne yatakupwa kwenye saa tano na nusu. Tazama na mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu ndiyo bamvua, maji yanatoka mbali sana kisha yanarudi juu sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo. Ziko bahari ambazo mambo haya hayaonekani sana, Mediterania kwa mfano; huko panga kwa jua na upepo.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Kwa sababu kivutio kikubwa kuliko vyote kwa mtoto wa umri huo hakimo kwenye orodha yako, nacho ni vidimbwi vinavyobaki kwenye miamba maji yakishatoka. Fika mapema, saa moja na nusu kabla ya maji kufika chini kabisa, mkiwa mmevaa viatu vya kufunga. Chuchumaeni pembeni ya kidimbwi kimoja, kivuli chenu kisiangukie majini, mkae kimya. Mwanzoni huoni kitu. Kisha konokono mmoja anaanza kukimbia, na mtoto anagundua kwamba konokono hakimbii hivyo: ni kaa mdogo aliyehamia ndani ya kombe lililoachwa. Binti yangu aliwahi kumfuata mmoja kwa macho hadi alipokutana na kombe kubwa zaidi, akaligeuzageuza, akapima mlango wake kwa gando, kisha kufumba na kufumbua akachomoa mkia wake laini na kuhamia humo. Ndiyo maana huwa siwaruhusu watoto kuondoka na makombe. Yale tunayoyaona matupu yana wapangaji wanaoyasubiri. Na kiti cha pweza asitolewe majini kwa ajili ya picha, maana anapumua kwa hayo maji.

Ila maji yakigeuka, nanyi geukeni. Hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanapanda kidogo, mtu anaona bado kuna muda; lakini saa ya tatu na ya nne ndizo zinazoingiza karibu nusu ya maji yote. Fungu la mchanga mlilolifikia kwa miguu mikavu linaweza kuzungukwa nyuma yenu huku ninyi mnatazama mbele.

Hifadhi ya samaki ya vioo umeiweka siku ya kwanza. Ipeleke siku ya pili au ya tatu, mchana jua linapochoma, baada ya watoto kuwa wameshaona vidimbwi. Mtoto aliyemwona kaa kwa macho yake atasimama mbele ya kioo na kuuliza maswali. Asiyemwona atapita mbio akitafuta papa. Mama naye atapata kivuli na pa kukaa. Uliza saa za kulisha samaki.

Safari ya mashua iwe asubuhi. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hivyo mchana upepo wa kutoka baharini huongezeka na mawimbi nayo huinuka. Kabla ya kulipa, omba kuona jaketi za kuokolea za saizi ya watoto. Mvalishe mdogo, zifunge kamba zote, pamoja na ile inayopita kati ya miguu, kisha inua jaketi kwenye mabega. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, majini atachomoka. Nahodha mmoja aliniambia mtoto akae tu katikati ya mashua, itatosha. Tulishuka.

Kuogelea, chagua ufukwe wenye waokoaji. Ukiona sehemu mawimbi hayavunjiki, maji yametulia katikati ya povu la kushoto na kulia, usidhani ndipo salama. Mara nyingi hapo ndipo mkondo unarudi baharini. Ukimchukua mtu asipambane nao, aelee, ainue mkono, au aogelee sambamba na ufukwe hadi atoke kwenye mkondo. Maboya ya kujaza upepo yabaki nyumbani. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu bahari inaonekana shwari kabisa, na boya linakwenda na mtoto. Mashimo ya mchangani nayo yasizidi magoti ya mtoto mdogo, kwa sababu kingo za mchanga huporomoka ghafla.

Mnara wa taa una ngazi nyingi, kwa hiyo usimpandishe mama. Nendeni jioni, mkae chini yake. Kila mnara una mpangilio wake wa kumulika ili mabaharia wautambue; mpe wa miaka tisa saa, ahesabu sekunde kati ya mwako na mwako. Mweleze pia kwamba lenzi za Fresnel, yaani vioo vya pete pete vinavyokusanya mwanga, zilizoanza kutumika mwaka 1823 kwenye mnara wa Cordouan huko Ufaransa, ndizo zilizowezesha taa ndogo kuonekana mbali sana.

Kasa wanaoanguliwa, nendeni na waongozaji wa uhifadhi tu, bila tochi wala mwanga wa simu. Vifaranga hufuata upande wenye mwanga zaidi, na taa yako inaweza kuwageuza warudi nchi kavu.

Ngome, soko na visiwa viwili ulivyotaja, chagua kimoja tu, vingine acha. Kitu kimoja asubuhi, kingine jioni, mchana watu walale. Weka hapa tarehe zako na saa za maji kupwa, tukupangie siku moja moja.