Kiwanda kisicho na watu

SWALI: Nimeona picha ya kiwanda ya mchoraji Mmarekani Charles Sheeler, yenye kingo zilizonyooka mno na isiyo na mtu hata mmoja. Huo ni mtindo gani?

JIBU: Ndugu msomaji, huo ni Presishonizimu, mtindo wa uchoraji wa maumbo safi yenye kingo kali, uliostawi Marekani miaka ya 1920 na 1930. Mwaka 1927 Sheeler aliajiriwa kukipiga picha kiwanda cha Ford cha River Rouge, karibu na Detroit, na kutokana na kazi hiyo akachora "American Landscape" (yaani "Mandhari ya Marekani", 1930), ambamo bomba la moshi, mabehewa na maji ya mfereji vimetulia kabisa, huku alama za brashi zikiwa hazionekani. Hata hivyo, itazame reli kwa makini: yupo mtu mmoja, mdogo mno, na kwa maoni yangu udogo wake ndio unaoipa picha uzito.