Rafti Ikitembea, Mshipi Ulale

Mkaratusi ulikuwa umelala mtoni kutoka ukingo huu hadi ule, majani yake bado mabichi. Wiki tatu kabla ya hapo mimi na binamu yangu tulipita papo hapo, njia iko wazi, tukarudi Nairobi na samaki wanne aina ya trauti. Kwa hiyo asubuhi hiyo ya Februari hatukuona haja ya kuutembea mto kwanza. Tulishusha rafti, boti yetu ya mpira ya kujaza hewa, majini saa mbili, na tulipokata kona ya tatu mimi nilikuwa nimeshika fimbo ya kuvulia badala ya kasia.

Rafti iligeuka ubavu kabla yeyote kati yetu hajasema neno. Ikaugonga mti ikakwama, na maji yakaanza kupanda juu ya ule ubavu mwingine, upande yanakotoka. Binamu alipiga kelele: "Ulalie mti! Ulalie mti!" Mtu akiogopa hujivuta nyuma ili aukimbie mti. Ukifanya hivyo unauzamisha ubavu unaopokea maji, rafti inapinduka, nawe unasukumwa chini ya matawi. Tuliuangukia mti kwa vifua, wote wawili. Yeye akapanda juu ya gogo. Mimi nilipotaka kumfuata, mguu wa kushoto haukuja. Kamba ya kuvutia rafti, ambayo tuliiacha imelala sakafuni bila kukunjwa, ilikuwa imezunguka kifundo changu mara mbili, na kila maji yalivyozidi kuvuta rafti ndivyo ilivyozidi kukaza. Nilikuwa nusu nje, nusu ndani ya maji baridi, na nilisikia mlio wa maji yakipita katikati ya matawi chini yangu, mlio kama wa mtu anayenyonya chai ya moto. Binamu alikuwa na kisu kidogo kwenye kifua cha jaketi lake. Alikata kamba kwa mikato miwili.

Mzee mmoja aliyekuwa akinywesha ng'ombe aliteremka akatusaidia kuitoa rafti. Alituangalia kwa muda.

"Mmetoka Nairobi?"

"Ndio, Guka," nilijibu, yaani babu kwa Kikuyu.

"Huu mti ulianguka Jumanne. Hapa kila mtu anajua. Mngeuliza."

Tangu siku hiyo nimeshuka vijito vya Nyandarua mara nyingi, na kanuni yangu kuu ni moja: rafti ni ya kusafiria, kuvua ni kwa miguu. Rafti ikitembea, fimbo zote zimefungwa na mikono yote iko kwenye kasia. Ukitaka kuvua, ipandishe ukingoni, shuka, uvue. Mengine yote ninayoandika hapa yanaitumikia kanuni hiyo.

Watu wengi wa Nairobi wamewahi kupanda rafti kule Sagana, wakiwa na waongozaji, boti kubwa na watu sita au saba ndani. Ni mchezo mzuri na ni mahali pazuri pa kujifunza kupiga kasia na kuanguka majini. Nawashauri wote wanaotaka kuanza waanzie huko. Lakini kule chini maji yameshapata joto, na trauti hawako. Trauti anataka maji baridi yenye hewa nyingi. Ndiyo maana ukimtafuta lazima upande juu, karibu na msitu, kule mashamba ya chai yanapokomea: Mathioya ya juu, Gura, Chania, Thiba, na vijito vinavyoiingia mito hiyo. Si samaki wa asili ya hapa. Mayai ya kwanza yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na kuwekwa mto Gura, na wajukuu wake wametulia kwenye mito yetu ya milimani hadi leo.

Sasa huko juu mto ni mwembamba. Pengine mita nne, pengine sita. Mgeni akikiona kijito husema, "Haka kadogo, katanifanya nini?" Mimi naviogopa vijito kuliko mto mpana. Kwenye mto mpana ukianguka unapata nafasi: jaketi linakubeba, wimbi linapita, unatokea mahali palipotulia. Kwenye kijito hakuna nafasi. Kona inafuata kona, jiwe linafuata jiwe, na mti mmoja ukianguka unaziba mto wote. Tena maji yana uzito. Meta moja ya ujazo ni tani nzima, na mkondo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inaongezeka mara nne. Matawi majini ni kama chujio la chai: maji yanapita, wewe ndiwe majani.

Kwa hiyo tembea kwanza. Tembea kipande chote unachotaka kushuka, siku hiyo hiyo, hata kama ulipita juzi. Sisi huchagua kipande kifupi, kilomita mbili au tatu, ili tusipate kisingizio. Tunaondoka Nairobi saa kumi alfajiri kwa barabara ya Thika, na saa moja na nusu tuko ukingoni tukiwa na viatu vya kutembelea. Tunatafuta miti iliyoanguka, nyaya na waya wa ua uliovuka maji, madaraja ya magogo yanayogusa kichwa, na mawe yaliyoliwa chini, yale ambayo maji yanaingia chini yake badala ya kugonga na kurudi. Jiwe salama lina povu lililojaa mbele yake kama mto wa kulalia. Jiwe ambalo maji yanalifikia kimya kimya bila povu ni la kukwepa.

Na tafuta kuta za saruji. Milimani huku kuna miradi mingi ya maji na ya umeme mdogo, na mingi imejenga ukuta mfupi wa kuchepusha maji. Ukiwa unashuka kutoka juu huuoni. Unaona tu mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, kana kwamba mto umekatwa kwa rula. Maji yakiushuka ukuta hujikunja chini na kurudi nyuma, na chochote kinachoelea hushikwa pale kikizungushwa, iwe gogo au mtu. Hata ukuta wa mita moja tu, usiushuke. Beba rafti upande wa nchi kavu. Ukikutana na mchuma chai au mtoto anayechota maji, msalimie na umuulize mto uko namna gani. Habari aliyonayo huwezi kuipata kwenye simu.

Tukimaliza kutembea tunaweka vitambaa vyekundu kwenye matawi ya ukingoni: kimoja mahali pa kutokea kabla ya kila hatari, kimoja mahali pa mwisho. Kona ambayo huoni upande wake wa pili ni mahali pa kutokea pia. Jioni vitambaa vyote tunavitoa.

Kuhusu vifaa nitasema zaidi kuhusu jaketi, kwa sababu hapo ndipo nimeona watu wakijidanganya. Jaketi la kuokoa maisha likiwa limelazwa chini ya kiti si jaketi. Livae, funga vifungo vyote, kisha mwambie mwenzako alishike mabegani alivute juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni, likaze au ulibadilishe, maana majini litafanya hivyo hivyo na uso wako utabaki chini. Helmeti iwe ya mtoni, nyepesi, yenye matundu. Ya bodaboda ni nzito, inaziba masikio na inashika maji. Gambuti ziache kwa shamba. Zikijaa maji huwezi kuogelea wala kupanda ukingo wenye utelezi. Raba za zamani za michezo, zilizofungwa kamba vizuri, zinatosha.

Rafti yenyewe iwe ya watu wawili, ya mpira mnene, yenye vyumba vya hewa zaidi ya kimoja, ili kimoja kikitoboka kingine kikubebe. Zile za plastiki nyepesi wanazouziwa watoto za kuchezea kwenye bwawa la kuogelea zinachanika kwenye jiwe la kwanza. Usiweke nanga. Kwenye maji ya kasi nanga ikikamata, rafti inavutwa chini palepale. Kamba yoyote ikunjwe na kutiwa ndani ya mfuko, na kila mtu awe na kisu kifuani anachoweza kukitoa kwa mkono mmoja, wa kulia au wa kushoto. Mimi nakizoea nyumbani, nimefumba macho.

Mfuko wa kamba ya kurushia, mita 15 hadi 20, ukae kwa mtu aliye ukingoni tunapopita mahali pagumu. Anayerusha asiifunge mkononi wala kiunoni. Anayeokolewa aishike kwa mikono miwili kifuani, kamba ipite begani, alale chali. Tuna filimbi pia: mlio mmoja ni "niangalie", mitatu ni "hatari".

Ukianguka, lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu juu, ujisukume kwa mikono kuelekea ukingoni. Usisimame. Hilo nalirudia kwa kila mtu ninayekwenda naye, hata kama amelisikia mara kumi: usisimame kwenye maji ya kasi yanayopita magoti. Mguu ukiingia kati ya mawe mawili, mkondo unakulaza kifudifudi na huwezi kuinuka. Subiri hadi makalio yaguse changarawe. Kuna hali moja tu ya kuacha kulala chali, nayo ni mti. Ukiona unapelekwa kwenye matawi na huwezi kuukwepa mti, geuka kifudifudi, ogelea kwa nguvu zote kuuelekea, kichwa mbele, na ukiufikia piga mateke ujirushe juu yake.

Msimu nao uheshimu. Machi hadi Mei sishuki, na mvua za Oktoba hadi Desemba pia naziacha zipite. Hata wakati wa kiangazi mvua inaweza kunyesha juu msituni alasiri huku wewe uko kwenye jua. Tukifika tunachomeka kijiti pale maji yanapoishia, na kila tukisimama kuvua tunachomeka kingine. Kijiti kikizama, au maji yakibadilika rangi na kuanza kuleta majani na vijiti vingi, tunatoka na kutembea. Saa nane mchana, hata samaki wawe wanaruka, rafti iko nje.

Sasa kuvua. Trauti hukaa ameelekeza kichwa mto unakotoka, akingoja mkondo umletee chakula. Hapendi kupambana na maji bure, kwa hiyo humkuti katikati ya kasi. Yuko pembeni yake, pale maji ya haraka yanapopakana na yaliyotulia, nyuma ya jiwe, au mwishoni mwa dimbwi panapoanza kuwa na kina kifupi. Rafti inashuka kutoka upande anaoutazama. Ukielea juu ya dimbwi huku unarusha mshipi, umeshamwonyesha kivuli chako, na dimbwi hilo limekufa kwa nusu saa nzima. Sisi tunasimama kabla ya kulifikia dimbwi, tunaipandisha rafti nchi kavu kabisa, tunazunguka kwa mbali kupitia majanini hadi mwisho wake, kisha tunavua kwa kupanda taratibu, tukimjia kwa nyuma. Tukimaliza ndipo tunairudia rafti na kulipita dimbwi. Kwa hiyo kanuni inayonilinda mguu ndiyo hiyo hiyo inayonipa samaki.

Nakumbuka mmoja wa Julai. Nilikuwa nimepiga goti nyuma ya jiwe lenye kuvu, maji yakinifika kwenye viatu tu. Nzi bandia, yaani ndoano iliyotengenezwa ifanane na mdudu, alitua juu ya povu, akazunguka mara moja, akatoweka bila kishindo. Nilipomleta karibu, ule mchirizi wa waridi ubavuni ulikuwa unang'aa kama kanga mpya iliyoloweshwa. Nililoweka mikono kwanza kabla ya kumshika, nikatoa ndoano ambayo nilikuwa nimeibana ncha yake ya nyuma kwa koleo, nikamwachia arudi. Ndoano zenye ncha hiyo iliyobanwa pia hutoka kwa urahisi zikikuingia mkononi, na kwenye rafti ndogo siku moja zitakuingia. Kabla ya kupanda tena, kila ndoano inarudi kwenye kijisanduku.

Leseni ya uvuvi chukua kabla ya safari, na ukitaka kuingia ndani ya hifadhi omba ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Humo kuna nyati na ndovu wanaokuja kunywa maji, na huwezi kusimamisha rafti kwa ghafla. Mimi hubaki nje ya mpaka wa msitu. Nyumbani mwachie mtu jina la mahali mtakapoingilia, mtakapotokea, na saa ambayo akiwa hajapata simu aanze kutafuta. Kule mabondeni mtandao hupotea.

Jumamosi hii mimi na binamu tunarudi kwenye kile kipande cha mkaratusi. Guka ametupigia simu kwamba mti umekatwa na kuondolewa, ila maji ya msimu uliopita yamehamisha mawe kwenye kona ya pili. Rafti tunaiacha Nairobi. Tunaenda kutembea tu, na kumpelekea Guka sukari na majani ya chai.