Usimtupe mbwa majini, hata kama ni Newfoundland

Unauliza kama umsukume Newfoundland wako, yule mbwa mkubwa wa majini, toka gatini "ajifunze mwenyewe" kuogelea? Hapana, hiyo ndiyo njia ya kumharibu. Utando kati ya vidole na manyoya mazito yenye mafuta anazaliwa navyo, maana hao walikuwa mbwa wa wavuvi huko Kanada, lakini kuyaamini maji anafundishwa. Mbwa wa kilo 60 akishaogopa, huna ubavu wa kumvuta tena.

Nimefuga dume la aina hiyo. Tulianza ufukoni penye mteremko mdogo, mimi nimetangulia maji yakiwa magotini, yeye ananifuata. Siku za mwanzo miguu ya mbele ilikuwa inachapa maji juu juu huku nyuma inazama. Dawa yake ni mkono chini ya tumbo, karibu na nyonga, mpaka mgongo ulale sawa. Mvalishe jaketi la kuelea lenye mpini mgongoni, na kipindi kiwe dakika chache tu. Acheni mazoezi akiwa bado ana hamu.

Kitu cha kurusha kiwe chembamba. Akibeba mpira mkubwa mdomo unabaki wazi na anameza maji mengi, na hayo yanaweza hata kumuua, yawe ya chumvi au yasiyo na chumvi. Mkitoka, mkaushe masikio.

Halafu angalia watoto wanaoogelea karibu. Wangu alikuwa anadhani kila mtu anazama, anawafuata kuwavuta nchi kavu, na zile kucha si mchezo.