Jibu: nyumba ya Karen Blixen hakuijenga yeye

Kuna aliyeuliza kama Karen Blixen, yule mwandishi wa Kidenmaki, ndiye aliyejenga nyumba yake ya Nairobi ambayo sasa ni makumbusho. La, si Karen aliyeijenga. Ilijengwa 1912 na mhandisi wa Kiswidi, Åke Sjögren, na Karen akaja kuihamia baada ya kununuliwa 1917. Akaishi pale mpaka 1931 shamba la kahawa liliposhindwa, maana pale chini ya vilima vya Ngong ni mwinuko wa juu mno kwa kahawa. Kuhusu makumbusho, hayo ni ya juzi tu: Denmaki iliipa Kenya nyumba kama zawadi ya uhuru, kisha ikafunguliwa kwa umma 1986, mwaka mmoja baada ya kutoka ile filamu ya maisha yake, Out of Africa.

Nimeizuru mara mbili nikipeleka wageni kutoka huku Pwani, na iko chini ya taasisi ile ile inayosimamia Fort Jesus yetu ya Mombasa, yaani Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ila usiamini kila kiti unachokiona mle ndani. Baadhi ya samani ni zake kweli, aliziuza alipoondoka zikaja kurudishwa baadaye, lakini vitu vingine vimetoka kwenye filamu. Muulize anayetembeza wageni kimoja kimoja, atakwambia.

Na kwa wale wanaosema Mombasa haihusiki na habari hii: Karen alishuka meli hapa hapa Januari 1914 na akaolewa na Bror Blixen papa hapa mjini, kabla hata hajaiona Nairobi. Sijui mbona hilo hatulitangazi.